Kovu la Nyusi: Nilivyojifunza Kuchagua Vilengeo vya Bunduki Yangu ya .45-70

Juu ya jicho langu la kulia, penye nyusi, nina kovu lenye umbo la mwezi mwandamo. Lilishonwa nyuzi tano Novemba 2021. Lilitokana na ukingo wa darubini ya bunduki yangu mwenyewe, niliyoifunga kwa mkono wangu na kuisifia wiki nzima. Vijana wetu kadhaa wameanza kuwinda huku Montana, Marekani, na kila anayeniuliza habari za kovu hili namsimulia yote, kwa sababu naona karibu kila mmoja yuko njiani kununua kile kile nilichonunua mimi.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 tulivuka ziwa usiku, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka ishirini, na mwaka 2017 tukaletwa Missoula. Miaka hiyo yote bunduki kwangu ilikuwa kitu cha kukimbiwa. Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kuwinda, alinitazama kitambo kisha akasema, "Baba, kitu tulichokikimbia ndicho unachotaka kukiingiza ndani?" Sikuwa na jibu la haraka. Tuliongea majuma. Mwisho tukakubaliana: sanduku la chuma lenye kufuli, risasi kwenye chumba kingine, ufunguo mmoja kwake na mmoja kwangu. Nikasoma pia kozi ya usalama wa wawindaji, ingawa hapa Montana sheria inawalazimisha waliozaliwa baada ya Januari 1, 1985 tu, na mimi ni wa 1977. Nilitaka mke wangu aione hati ya kozi ukutani.

Aliyenitia hamu ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini, aliyetuletea mlangoni paja zima la elki. Elki ni jamii ya kulungu, ila mkubwa kama ng'ombe. Jike tu hufika kilo 200 na zaidi. Nyama ile tulikula mwezi mzima, na watoto wakaanza kuuliza mzee ataenda tena lini.

Mzee anawinda kwenye misitu minene, ambako huoni mbele zaidi ya hatua mia moja. Kwa hiyo alinishauri nitafute bunduki fupi. Niliyoipata ilikuwa Marlin 1895 Guide Gun iliyokwisha tumika, kwa dola 850: mtutu wa inchi 18.5, uzito wa pauni saba hivi, ya kukoki kwa wenzo chini ya kitako. Risasi yake ni .45-70, iliyoundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1873: upana wa .45 ya inchi na, enzi hizo, greni 70 za baruti nyeusi (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Kichwa cha risasi ni kizito na kinene kama kidole cha mtoto. Na hapo ndipo mambo yanapoanzia, maana risasi nzito ndani ya bunduki nyepesi ni teke. Zile kali za kiwandani hupiga bega karibu maradufu ya .30-06 ambayo wengi hapa wameizoea.

Ilikuja na vilengeo vyake vya chuma. Cha nyuma, katikati ya mtutu, kina mfuo. Cha mbele kina punje ya shaba. Nilikuwa na miaka 44. Nikilenga, punje naiona kwa shida na mfuo ni ukungu mtupu. Nikajiambia macho yamechoka, kwa hiyo nahitaji darubini. Ugonjwa niliujua sawasawa, ila dawa niliichukua ya mtu mwingine.

Kila mtu kazini alikuwa na darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 juu ya .30-06 yake. Nikanunua hiyo hiyo, dola 190, na dola 85 za pete na kitako chake cha kufungia. Sikumwuliza muuzaji swali ambalo leo ndilo la kwanza kulitoa kinywani: jicho langu linatakiwa likae umbali gani kutoka kioo cha nyuma? Ile ilikuwa sentimita tisa. Kwa bunduki ya kawaida zinatosha. Kwa .45-70 fupi, bunduki inarudi nyuma kwa kasi na bega lako linarudi nayo, na zile sentimita tisa zinaisha kabla hujapepesa.

Kwenye uwanja wa shabaha sikuona tatizo, kwa sababu mbili. Nilikuwa nimekaa mezani, mgongo wima, kichwa nyuma. Na kwa uhaba wa risasi wa mwaka ule, boksi pekee nililolipata lilikuwa la risasi za kichwa cha greni 405 zinazokwenda polepole, ambazo hazipigi sana. Siku tatu kabla ya kuwinda nikapata boksi la zile kali. Nikapiga mbili tu ili nisizimalize, nikaridhika.

Asubuhi ile ilikuwa imeanguka theluji nyembamba. Elki dume alisimama mlimani juu yangu, kama yadi 80, kati ya misonobari. Nilijilaza kwenye mteremko, nikainua mtutu kumfuata. Jaribu sasa hivi kulala kifudifudi na kutazama juu: utaona shingo inavyosukuma uso mbele. Jicho langu lilikuwa karibu linagusa kioo. Ndani ya darubini sikuona elki, niliona manyoya, maana ikiwa kwenye mara 9 mnyama wa karibu anajaza kioo chote na hujui unatazama bega au kiuno. Nikavuta triga.

Sikusikia mlio. Nilihisi kama mtu amenipiga na ukingo wa kikombe cha chuma. Kisha nikaona matone mekundu juu ya theluji, moja, mawili, halafu mengi, na jicho likajaa. Elki alikuwa amekwenda. Nilimfuatilia nusu saa huku nimejifunga skafu kichwani, kwa kuwa mtu hawezi kuondoka bila kuhakikisha kama amejeruhi; sikukuta tone la damu isipokuwa yangu. Nilikuwa peke yangu, saa moja na nusu kutoka kwenye gari, navuja damu kwenye msitu wenye dubu. Huo mwendo wa kurudi niliusali wote.

Nyuzi tano, na baada ya bima nikalipa dola 640. Mke wangu hakusema neno. Aliniwekea uji, akakaa karibu yangu mpaka nikalala, na kimya chake kiliniuma kuliko jeraha.

Kipimo ambacho ningekifanya kabla hakina gharama. Hakikisha bunduki ni tupu: fungua wenzo, tazama, ingiza kidole. Fumba macho, ipandishe begani kama unavyoipandisha porini, ndipo ufumbue. Mtu mwingine apime kwa rula toka ukingo wa darubini hadi nyusi yako. Fanya ukiwa umesimama, umekaa, umepiga goti, na umelala unatazama juu ya mlima. Shika kile kipimo kidogo kuliko vyote, na kwa bunduki hii, kikiwa chini ya sentimita kumi, mimi darubini hiyo siifungi. Mavazi nayo yanahesabika: koti nene la Novemba linabadilisha kila kitu, kwa hiyo pima ukiwa umelivaa.

Kulikuwa na kasoro mbili nyingine ambazo kovu lilizifunika. Kitako cha Marlin kimechongwa chini kwa ajili ya vilengeo vya chuma. Ukiweka darubini juu, unainua uso, shavu halikai kwenye mti, linaelea. Teke likija, mti ndio unaolifuata shavu. Halafu nyundo. Bunduki hii ina nyundo ya nje unayoivuta kwa gumba, na darubini inaifunika. Kwa vidole vilivyokufa ganzi, mara moja ilinichopoka nusu njia. Ilizuiwa na kingo yake ya usalama, ila moyo ulinidunda. Kuna kimkia cha chuma kinachofungwa ubavuni mwa nyundo, cha bei ndogo, na mtu yeyote atakayeweka kioo juu ya Marlin akinunue siku ile ile.

Mwaka 2022 nikageukia doti nyekundu: kioo kidogo kisichokuza, ndani mna nukta ya mwanga. Hakina umbali maalumu wa jicho, kwa hiyo hakiwezi kukukata. Wazo lilikuwa zuri. Nilichokosa ni kujua jicho langu. Nilipowasha, badala ya nukta niliona kitu kama nyanya iliyopondwa, chenye mikia mitatu. Nikakirudisha dukani kama kibovu, wakanipa kingine, nyanya ile ile. Daktari wa macho ndiye aliyenieleza: uso wa jicho langu la kulia hauna mviringo sawa, umebonyea kidogo kama yai, na mwanga mdogo mkali unatawanyika ndani yake. Usirudishe kitu kabla hujafanya hivi: weka simu mahali pa jicho lako, piga picha ya ile nukta. Ikiwa kwenye picha ni duara safi, kifaa ni kizima, jicho ndilo lenye shida. Wenye macho kama yangu husaidiwa na miwani iliyopimwa vizuri, au na kioo ambacho alama yake imechorwa juu ya kioo chenyewe badala ya kurushwa na taa.

Hata hivyo ningevumilia nyanya, kwa umbali wa yadi hamsini inatosha. Ila kilikuwa cha dola 130, nami nikakipigia risasi kali. Kwenye boksi la pili kikazima, nikakitikisa kikawaka, kikazima tena. Vipo vya bei kubwa vinavyostahimili, nimeviona kwenye bunduki za wenzangu, sivitii doa. Nasema tu kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo kisipandishwe kwenye .45-70 kwa matumaini.

Niliumia zaidi na jambo jingine la mwaka huo. Risasi zangu zilikuwa zinatua chini na kushoto, nikawa nazungusha skrubu za kioo kila Jumamosi. Mzee akaniangalia bila kusema, kisha akaniambia nimgeuzie mgongo. Yeye ndiye atakayejaza bunduki. Mara nyingine aliweka risasi, mara nyingine ganda tupu, bila mimi kujua. Ganda tupu la kwanza lilipofika, triga ikalia ka!, hakukuwa na mlipuko, na mtutu ukazama kama fimbo ya mvuvi aliyenasa samaki. Mimi mwenyewe nilikuwa naisukuma bunduki chini kabla ya kulipuka. Nyusi ilikuwa imepona lakini mwili ulikuwa unakumbuka. Niliketi kwenye benchi, na nakiri machozi yalinitoka, kwa sababu niliujua woga ule, ulikuwa wa zamani kuliko darubini.

Dawa yake ilikuwa miezi mitano ya bunduki ndogo ya .22, isiyo na teke, yenye vilengeo vya aina ile ile, risasi hamsini kila wiki. Ile kubwa niliigusa kwa risasi za polepole tu, tatu au nne kwa siku, kisha naifunga. Ukiisha kuanza kushtuka, hakuna kilengeo kitakachokuonyesha ukweli.

Mwaka 2023 ndipo nilipofunga kilengeo cha pete. Ni duara la chuma linalofungwa nyuma kabisa, juu ya mwili wa bunduki, karibu na jicho, pamoja na kilengeo cha mbele kirefu zaidi chenye mstari mweupe. Wanaotengeneza wapo kadhaa. Skinner wa St. Ignatius, mwendo wa chini ya saa moja kaskazini mwetu, ni jina linalojulikana sana kwa wenye Marlin. Seti nzima dola 145.

Nilidhani pete ni ya watu wenye macho ya kijana. Ni kinyume. Mwanga ukipita kwenye tundu, vya karibu na vya mbali vyote vinakaza, ndiyo maana mtu akikosa miwani hukunja ngumi na kuchungulia kwenye upenyo wa vidole. Kile cha mbele, nilichokuwa nakiona kwa shida, kikasimama. Pete yenyewe huitazami. Unatazama kupitia kati yake, na jicho linatafuta katikati lenyewe bila kuambiwa. Hakuna kioo cha kuingia ukungu wala betri ya kufa kwenye baridi ya digrii 15 chini ya sufuri. Shavu likarudi kwenye mti, nyundo ikaonekana.

Kosa langu la mwisho lilikuwa tundu. Nilianza na kile kipande cha ndani chenye tundu dogo, kwa kuwa kwenye karatasi ya shabaha mashimo ya risasi yalikusanyika vizuri. Jioni ya kwanza msituni, dakika ishirini kabla ya jua kuzama, nilipochungulia niliona giza. Nimekifungua, nimekiweka kwenye droo. Pete tupu, pana, ndiyo ya kuwindia.

Kisha risasi zikatua juu. Yadi 50, inchi 6 juu ya nilipolenga, na pete ilikuwa imeshushwa hadi mwisho. Hapa wengi hukata tamaa wakauza. Hesabu ni ndogo. Chukua kosa, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa inchi. Kwangu: 6 mara 24, gawanya kwa 1,800, jibu ni 0.08 ya inchi, kama milimita mbili. Nikanunua kilengeo cha mbele kirefu zaidi kwa kiasi hicho, dola 25, na tatizo likaisha. Kumbuka mwelekeo: cha nyuma unakisogeza upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Risasi zikienda juu, cha mbele kirefushwe.

Skrubu zote nilizisafisha mafuta kwa spiriti, nikatia gundi ya buluu ya skrubu, ile inayokubali kufunguliwa baadaye, si nyekundu. Halafu nikachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha ya mke wangu kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Nautazama kila asubuhi kabla ya kutoka.

Umbali nao niliupima kwa uaminifu. Sahani za karatasi, za kulia chakula, inchi tisa. Nimekaa chini bila meza, risasi tano, zote tano ziingie. Yadi 60 ziliingia. Yadi 75 ziliingia. Yadi 90 ziliingia. Yadi 100 moja ilitoka. Kwa hiyo mpaka wangu ni 90, basi. Wapo wanaosema pete inawafunga mikono, lakini .45-70 yenyewe haikuumbwa kwa mbali: ile ya greni 405 ya kawaida, ukiitega sawa kwa yadi 100, ikifika 200 imeshuka zaidi ya nusu mita.

Mzee yeye anatumia darubini ya Leupold ya mara 2.5 inayokaa mbele kabisa, juu ya mtutu, ambayo jicho hukaa mbali nayo sentimita ishirini na zaidi. Haiwezi kumkata mtu. Ameniruhusu kuipigia na naiheshimu. Nilichokiona ni kwamba jua la asubuhi likiwa nyuma yako huingia kwenye kioo cha nyuma na kukupofusha, na jioni haina mwanga wa darubini kubwa. Kwa macho ya miaka sabini bado ni bora kuliko pete.

Oktoba ile, majani ya lachi, miti ya jamii ya misonobari, yakiwa yamegeuka njano mlima mzima, elki jike alitoka kwenye kichaka hatua 55 mbele yangu, ubavu wazi. Nilikuwa nimepiga goti. Sikumbuki pete. Nakumbuka mstari mweupe nyuma tu ya bega lake, na pumzi yangu. Alikwenda hatua kumi na tano, akalala. Nilikaa naye kimya kabla ya kutoa kisu. Jioni mke wangu alipofungua mfuko wa kwanza wa nyama aliugusa uso wangu, pale penye kovu, akauliza, "Leo haikukupiga?"

Nimefanya hesabu ya nilichopoteza: darubini, kitako chake, doti, hospitali. Dola 1,045, na hata baada ya kuuza darubini kwa 90, ni zaidi ya bei ya bunduki yenyewe.

Kila Agosti narudia mtihani wa sahani, tano kwa tano, nimekaa chini. Macho hayangoji mtu. Mashimo ya kufungia darubini juu ya bunduki nimeyaacha na skrubu zake ndani, na nimekubaliana na mzee kwamba siku kipimo kikishuka chini ya yadi 50 nitaweka darubini ya mbele kama yake. Agosti iliyopita ilikuwa 80.